Kilo Nne Kwenye Mguu wa Koko

Koko alinitoa tumboni mwa mama kwa kunishika kichwa, na kwa ukubwa wa kichwa hiki, mwenyewe husimulia kwamba ilikuwa kazi ya kutwa nzima na jasho la ndoo tatu. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu ya kumvuta yeye mguu, sikuona kama ni jambo la ajabu. Niliona ni haki.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Mji wetu mzima wa Baraka ulimwita koko, yaani bibi, kwa sababu ndiye aliyetuzalisha. Mimi hupenda kusema alizalisha watu elfu thelathini. Binti yake, ambaye tulikua pamoja na hajawahi kuniacha nimalize hadithi, huwaambia wageni: "Huyu, kila hesabu yake mugawanye kwa tatu." Halafu anafikiri kidogo, anaongeza: "Hiyo moja mugawanye tena."

Vilikuwa vita vya pili vya kwetu, si vile vya dunia. Mimi nilikuwa mtunza depo wa hospitali, kazi niliyopewa kwa nguvu ya diploma ya shule ya jioni. Nilishika nafasi ya pili darasani. Tulikuwa watatu, na wa kwanza alikuwa mke wa mwalimu. Depo yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye bendeji, plasta, beseni mbili, na panya mmoja aliyekuwa kazini kabla yangu. Barabara ya Uvira ilikuwa na bariyeri, vile vizuizi vya askari, nyingi kuliko miti, na dawa ikiwahi kufika, ilifika ikiwa imepungua kwa kusalimia kila askari njiani.

Koko alianguka katika kijiji cha Lweba. Alikwenda kumzalisha mama mmoja, na mtoto akatoka salama. Wakati wa kurudi alikanyaga jiwe lenye utelezi pale pwani. Vijana wanne walimleta Baraka kwa tipoyi, ile machela ya kitenge na miti miwili. Wote wanne aliwazalisha yeye, kwa hiyo njia nzima aliwagombeza kwa haki kamili.

"We wa nyuma, nyanyua. Mi si muhogo."

"Koko, tumechoka."

"Mama yako alichoka siku mbili juu yako, na hakuniambia kitu."

Muuguzi mkuu, tuliyemwita Titulaire, alikuwa mtu mwembamba asiyecheka siku za kazi. Alimlaza koko, akatazama mguu wa kuume: unyayo umegeukia nje, na mguu umepungua. Alichukua futi ya fundi cherehani akapima kutoka nyonga hadi kifundo, kushoto kisha kulia.

"Vidole vitatu," akasema. "Mfupa umevunjika juu, karibu na nyonga. Misuli inauvuta, unapandana."

Kesho yake asubuhi tulizungumza kwa fonia, redio ya masafa, na daktari wa upasuaji aliyekuwa akizunguka ziwani kwa boti. Sauti yake ilikuja kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, lakini maneno tuliyapata.

"Nitafika baada ya wiki tatu, kama njia itakubali. Nitakaa siku mbili. Vyuma vya ndani nitakuja navyo. Ninyi mufunge uzito wa kilo nne kwenye ule mguu, uvute mchana na usiku bila kupumzika. Munitafutie pia meza ya kumuvutia wakati wa kupasua. Nikikuta mguu bado mufupi, sitaugusa. Mufupa wa wiki tatu uliopandana hauwezi kushindwa kwa siku mbili."

Titulaire akaweka chini kipaza sauti, akanigeukia. "Umesikia. Tafuta."

Niliitikia kama mtu ambaye vitu hivyo anavyo nyumbani, vimejaa chini ya kitanda.

Mwaka ule tulikuwa tumeshakimbia mji mara mbili, tukalala porini upande wa Lubondja. Asiyeweza kutembea alibebwa, na aliyembeba alichelewa, na kuchelewa kulikuwa na maana yake. Binti ya koko alitamka mbele yetu sote, huku akikunja nguo: "Mama akibaki, na mi nabaki." Hakulia wala hakupaza sauti. Koko alisikia, akageuza uso ukutani, na siku ile hakumgombeza mtu.

Nikaanza kutafuta. Shule ya jioni ilikuwa imenifundisha kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Mwalimu alilichora ubaoni kwa chaki ya bluu, akatueleza kwamba kwa kapi mtoto anaweza kunyanyua ng'ombe. Nililikariri, nikalipatia alama zote, na sikuwahi kuligusa. Sasa nililihitaji la kweli, nikakumbuka kwamba wavuvi wa dagaa wanayo katika boti zao pacha, kwa kuvutia ule wavu mkubwa kutoka chini. Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye boti, Mwislamu wa pwani, ambaye boti zake zilikuwa zimepumzishwa mchangani kwa sababu ya vita. Nilimkuta anatia udhu. Nilisubiri, kisha nikamweleza kwa ufasaha wote wa diploma: nguvu, mvuto, pembe.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ni ya koko?"

"Ya koko, mzee."

"Ungesema hilo kwanza, ningekuwa nimeshamaliza kulifungua." Akalifungua kapi la chuma kutoka boti yake kubwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Vita vikiisha nitalihitaji. Ulitunze kama yai."

Kamba tulipata ya nailoni. Uzito ulikuwa mfuko wa mchanga wa ziwani nilioupima mwenyewe katika mizani ya depo, kilo nne sawasawa, mchana kweupe. Titulaire alizungushia mguu plasta na bendeji kuanzia chini ya goti, akafunga kijibao chini ya unyayo. Kamba ikapita juu ya kapi mwisho wa kitanda, mfuko ukaning'inia. Kosa la kwanza lilikuwa langu: sikuinua miguu ya kitanda upande ule, na kabla ya saa sita koko alikuwa ameteleza kitanda kizima, unyayo wake umefika kwenye chuma.

"Kichwa Kubwa," akaniita kwa jina alilonipa siku niliyozaliwa, "unanipeleka wapi?"

Tukaweka matofali chini ya kitanda, mwili wake ukawa ndio unaoshindana na mfuko. Hapo mashine ikasimama. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikajisikia kama mtu aliyejenga daraja la kuvuka ziwa zima.

Meza ilikuwa kazi ya fundi wa mitumbwi, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mtu wa haya nyingi. Nilimchorea: ubao wa kulalia kwa mwili wa juu, nguzo fupi katikati, na mbele yake mkono mrefu wa mti wenye parafujo ya kuvutia mguu. Aligusa nguzo kwenye mchoro kwa penseli.

"Na hii nguzo inasimama wapi?"

"Katikati ya miguu, shemasi. Mwili usifuate tunapovuta."

"Katikati ya miguu ya koko."

"Njo vile. Ndivyo."

Aliikunja karatasi ya mchoro mara nne. "Basi nitaitengeneza," akasema, "lakini usiniambie tena." Akaichonga kwa mti mgumu wa kutengenezea makasia, akaifunika sponji ya kiti cha pikipiki, akaishonea ngozi laini ya mbuzi. Sijaona nguzo ya adabu kama ile.

Ilibaki ya kushikia unyayo. Mchoro wangu ulitaka kiatu kigumu kinachopanda hadi kifundo, na mji ule viatu vya namna hiyo vilikuwa miguuni mwa askari tu. Nilikwenda bariyeri ya njia ya Fizi, nikiwa nimeacha moyo wangu nyumbani ili usiharibike. Askari mmoja kijana, mgeni wa kutoka mbali, alinisikiliza huku anatafuna muwa.

"Unataka botini moja."

"Ya kuume, chef, mkubwa wangu."

"Na mi nitembee na moja kama kuku?"

Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, maana kuwaacha wacheke peke yao kungekuwa hatari. Akaniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia nasoma na kuandika. Akaacha kutafuna. Kumbe tangu ametoka kwao hajampelekea mama yake neno, kwa kuwa yeye hajui kuandika na hakutaka wenzake wajue maneno yake. Tulikwenda kukaa nyuma ya kibanda. Alisema mistari mitatu: ni mzima, anakula, asimwuze mbuzi mwekundu. Mimi nikaandika kurasa nne, nikaweka milima, nikaweka anga, nikaweka machozi ya mwana. Nilipomsomea, alizikunja kurasa zote nne, akazitia mfukoni. "Ni kweli njo vile nilitaka kusema," akasema, akaingia ndani akatoka na botini moja ya kuume, ya mtu aliyekuwa haihitaji tena. Nikaiweka kwapani, nikaondoka.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mguu wenyewe.

Titulaire alipima kila asubuhi na kila jioni. Asubuhi futi ilisema vidole viwili, na jioni ikarudi kusema vitatu. Siku ya nne hivyo, siku ya saba hivyo, siku ya tisa hivyo. Usiku mguu ulirefuka, mchana ukakumbuka ulikotoka.

"Mfuko wako hauna kilo nne," Titulaire akaniambia.

Hakuna aliyewahi kunitukana zaidi. Niliufungua mfuko mbele yake, nikaupima, nikaupima tena, nikaazima mizani ya muuza mafuta ya mawese nikaupima mara ya tatu. Kilo nne. Nikapaka kapi mafuta. Nikabadilisha kamba. Jioni, vidole vitatu.

Siku ya kumi niliketi ndani ya wodi nyuma ya pazia la kitenge, na shajara ya depo magotini ili nionekane nina kazi. Saa ya kutazama wagonjwa ikafika, na Baraka ikaingia. Wa kwanza walikuwa bamama watatu wa Legio, kikundi cha sala cha parokia, na beseni la bugali. Walisalimu. Mmoja akauona mfuko unaning'inia mwisho wa kitanda, ukivuta mguu wa mwanamke mzee aliyemzalishia watoto sita.

Kwetu, mtu akitokea na mzigo, humwachi. Unainuka, unatembea hatua kadhaa kumwendea, unampokea, hata kama ni fungu la kuni na hata kama mmegombana. Mtoto asiyempokea mgeni mzigo hupigwa kabla mgeni hajaketi. Yule mama aliweka mikono miwili chini ya mfuko wangu, akaunyanyua, akaupakata kama mtoto. "Pole, koko. Leta nikupokee kidogo."

Koko akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Aksanti, mwanangu."

Waliongea habari za ulimwengu mzima, na mfuko ukapita kutoka paja hadi paja. Walipoondoka waliingia wake za wavuvi, wakapokea. Wakaingia mashemasi wawili, wakapokea kwa zamu. Alikuja hata mzee mwenye boti, akalitazama kapi lake kwa mapenzi, kisha akashika mfuko na kuketi nao mpaka adhana ya alasiri. Nilihesabu: kati ya saa nane na saa kumi na moja, mguu ule ulivutwa muda wa kumenya ndizi moja.

Niliandika tangazo kwa herufi kubwa, Kifaransa juu na Kiswahili chini: NI MARUFUKU KUGUSA MFUKO. Nikalibandika ukutani. Kesho yake akaja mwalimu mstaafu, msomi anayeheshimika, akawasomea wenzake tangazo lote kwa sauti, lugha zote mbili, na kusifu mwandiko. Karatasi aliionyesha kwa mkono wa kuume. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika mfuko.

Nilimweleza Titulaire. Akataka kufunga mlango wa wodi, watu wasiingie kabisa. Nikamwambia katika mji ule mgonjwa asiyetazamwa watu humhesabu kuwa ameshakufa, na tutawakuta uani na majamvi ya msiba. Akakaa chini. Ndipo nikaenda kwa koko mwenyewe.

"Koko, we ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kama mufuko hautakiwi kunyanyuliwa. Titulaire alikuambia siku ya kwanza."

Alitazama dari. "Muntu anakuya na roho safi, ananyoosha mikono anipokee muzigo. We ungemukataza na mudomo gani?" Akashusha sauti. "Na tena inauma, mwana. Wakiinyanyua, inaacha kuuma. Mi nimeambia bamama sukuma, sukuma, miaka yote ile, na sikujua ninaomba kitu kikubwa vile."

Nikamwambia tu lililokuwepo: siku zimebaki kumi, na daktari amesema mguu mfupi hataugusa.

"Binti yangu hajabadilisha neno lake?"

"Hajabadilisha."

"Ana kichwa ngumu. Nilikiona siku ya kwanza, kilitoka kimeangalia juu." Vidole vyake viliukunja upindo wa shuka, vikaukunjua. Halafu akaniambia: "Toa muchanga wako."

"Koko, bila uzito..."

"Toa, we Kichwa Kubwa. Muchanga wako ni muzigo wa hospitali, kila mutu atanipokea. Waambie kila anayekuya kunitazama aniletee muchanga wa kwao, kidogo tu, kwenye kitambaa. Ni zawadi. Wataniwekea wenyewe. Sasa niambie, nani atamunyanganya koko zawadi mbele ya macho yake?"

Shule ya jioni haikunifundisha hilo. Mji mzima ulisikia kabla ya jua kuzama. Kesho yake walikuja na vifundo vya kanga na kitenge: mchanga wa Lweba, wa pale pale alipoangukia, ulioletwa na yule mama aliyejifungua, mtoto mgongoni, udongo mweusi wa shamba la Lubondja, mchanga wa mlangoni mwa msikiti, mchanga wa uani mwa parokia. Siku ya pili alikuja mama mmoja kutoka Minembwe kule juu milimani, ameteremka kwa miguu, na miaka ile vita vilikuwa vimewagombanisha watu wa juu na watu wa chini, hawakutembeleana hivi hivi. Alitoa jiwe dogo la mtoni kwao. Macho yote yakaenda kwa koko. Koko akanyoosha kiganja, akalipima uzito. "Huyu mutoto wake alikuya matako mbele," akawaambia wote, "na leo anachunga ngombe." Wodi ikacheka, na jiwe likaingia mfukoni.

Kila mtu aliweka chake kwa mkono wake, akasogea nyuma, akaketi na mikono magotini. Uliwaona wanavyoteseka, koko akikunja uso, mikono yao inainuka yenyewe, halafu inakumbuka na kurudi. Badala yake walimpangusia jasho, wakamwimbia. Mimi kila jioni nilipima mfuko, nikapunguza wa jana ili kilo zibaki nne, na uliozidi nikauweka depo kwenye makopo, kila kopo na jina la kijiji. Mwishowe mchanga wa ziada ungetosha kumvuta tembo mguu.

Siku ya kumi na nne vidole viwili, asubuhi na jioni. Siku ya kumi na nane, kimoja. Siku ya ishirini Titulaire alipima mara tatu, akakunja futi, akaniambia, "Sawa." Kisha akacheka, na ilikuwa siku ya kazi.

Daktari alifika siku mbili nyuma ya ahadi, amechoka, na sanduku la vyuma begani. Alipima mwenyewe. Aliizunguka meza ya fundi wa mitumbwi, akagusa ngozi ya mbuzi, akaichunguza botini ya jeshi, akazungusha parafujo kwenda na kurudi. "Nani ametengeneza hii?" akauliza. Nilifungua kinywa ili nianze tangu shule ya jioni, Titulaire akanikanyaga mguu. "Mji," Titulaire akajibu.

Waliniruhusu kuingia, kwa kuwa parafujo ilinijua mimi. Koko alilala usingizi wa sindano, unyayo wake mdogo ndani ya kiatu kile kikubwa. Daktari aliposema vuta, nilivuta; aliposema simama, nilisimama, na nilishikilia pale saa nyingi kiasi kwamba ndevu ziliniota. Alipomaliza kukaza chuma cha mwisho, alilinganisha nyayo mbili. Zilikuwa sawa kama dada wawili.

Miezi ikapita, koko akaanza kutembea kwa fimbo, akichechemea kidogo, akiwagombeza watu akiwa wima. Halafu siku moja, kabla ya saa sita mchana, milio ilianza tena upande wa Fizi, na mji ukaingia njiani kwenda Lubondja kama kawaida. Binti yake alibeba sufuria na godoro. Koko alitembea mbele yake, kwa miguu yake miwili, fimbo ikipiga ardhi. Mimi nilikuwa nyuma, na madaftari ya depo, na nguo, na juu ya yote kapi la chuma, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nilitunze kama yai.

Kwenye mlima wa kwanza nilishindwa. Nilisimama kupumua, nikamwona koko naye amesimama. Akageuka, akateremka hatua kadhaa kunijia, akanyoosha mikono.

"Leta nikupokee."

"Wacha, koko. Iko nzito."

"Kilo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi ni nne," akasema. Akalichukua kapi, akalifunga ndani ya kitenge, akajitwika kichwani, akapanda mlima.